Mitihani kumi na minne, alama zile zile: kisa cha mtahiniwa mmoja wa LSAT

Mwishoni mwa Juni 2025 niliingiwa na picha kwenye simu: ukurasa wa daftari la mistari, tarehe upande wa kushoto, namba upande wa kulia. 143, 146, 149, 147, 148, 146, 149, 147, na kuendelea hivyo hivyo hadi chini. Namba kumi na nne za mitihani ya mazoezi, na mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu, 148 ya mtihani wenyewe, LSAT, ule wa kuombea shule za sheria Marekani. Maneno yaliyofuata yalikuwa haya: "Kaka, mimi ni mjinga au nasoma vibaya? Niambie ukweli tu, usinipambe."

Mwenye daftari ni mzaliwa wa Tanga, ana miaka thelathini na ushei, anaishi Columbus, Ohio. Shahada ya kwanza aliimalizia huku huku. Kazi yake ni ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, anaingia saa tano na kutoka saa moja asubuhi. Ameniruhusu niandike kisa chake bila jina. Mimi si mwalimu kwa cheo; LSAT niliifanya miaka kadhaa nyuma, nikapigika mara ya kwanza, nikarudi, na tangu hapo huwa nakaa Jumamosi na mmoja au wawili wa kwetu wanaojiandaa. Chai juu yangu, daftari juu yao.

Kwa msomaji aliyezoea utaratibu wa nyumbani: Marekani sheria haisomwi ukitoka kidato cha sita. Unamaliza kwanza shahada ya kitu chochote, ndipo unaomba shule ya sheria, miaka mitatu kwa wanaosoma mchana na kwa kawaida minne kwa wanaosoma jioni. Shule hutazama mambo mawili kabla ya mengine: wastani wako wa chuo, na LSAT. Ule wastani ukishahitimu haubadiliki tena. LSAT bado inasogea, ndiyo maana watu wanaikamia hivyo.

Mtihani huu upo tangu 1948 na hauulizi sheria hata chembe. Una sehemu nne, kila moja dakika 35. Mbili ni za hoja fupi fupi: unapewa aya ya mistari mitano au sita, unaulizwa inategemea nini, inadhoofishwa na nini, imekosea wapi. Ya tatu ni ufahamu wa vifungu virefu. Ya nne ni ya aina mojawapo kati ya hizo, haihesabiwi, na hakuna anayekuambia ni ipi kati ya nne. Majibu ni matano kwa kila swali, ukikosea hukatwi kitu. Matokeo yanaanzia 120 na kuishia 180, na watahiniwa wa katikati kabisa hupata mwanzoni mwa 150. Kwa hiyo 148 si aibu. Lakini shule ya jioni aliyoitaka, pamoja na punguzo la ada ambalo bila hilo asingesoma, ilihitaji zaidi ya hapo.

Miezi mitano ilikwenda wapi

Kabla ya kumwambia lolote nilimwomba anitumie kila alichotumia: vitabu, ratiba, karatasi zenye majibu. Nilitaka kuona alichofanya. Anachokumbuka kwamba alifanya kilikuwa habari nyingine.

Vitabu alinunua kwa mtu, boksi zima kwa dola 30, vya miaka kama kumi iliyopita. Theluthi ya boksi ilikuwa michezo ya mantiki, yale mafumbo ya watu saba wanaopangwa kwenye viti saba, ambaye hapendi kukaa na nani. Januari yote na nusu ya Februari aliyamalizia humo, akichora vijedwali. Sehemu hiyo iliondolewa kwenye mtihani Agosti 2024. Mtahiniwa asiyeona wa Michigan aliishtaki kwa sababu mafumbo yale yanamtaka mtu achore, na baada ya mapatano ya 2019 waendesha mtihani walikubali kutafuta njia nyingine. Hatimaye wakaifuta na kuweka sehemu ya pili ya hoja mahali pake. Mwenye daftari hakujua. Wiki sita za mtu anayefanya kazi usiku, zimezama.

Jambo la pili liko kwenye tarehe. Mitihani yake ya mazoezi ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Ijumaa usiku yuko kazini. Yaani anatoka saa moja, anaoga, anakunywa kahawa, anakaa kupima akili yake wakati mwili unadai kitanda. Kati ya zile kumi na nne, mitatu tu ilifanyika siku ambazo hakutoka kazini, na miongoni mwa hiyo mitatu zimo zile 149 mbili, alama za juu kuliko zote kwenye orodha. Sisemi huo ni ushahidi wa kisayansi. Mitihani mitatu ni michache. Ila hata yeye alipoziona tarehe zimepigiwa mstari alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikuta anajipima homa akiwa amekaa jikoni kando ya jiko.

La tatu ndilo lililonishughulisha. Nilimuuliza, ukimaliza mtihani wa mazoezi unafanya nini?

"Naangalia majibu. Nikikosa nasoma maelezo, naona kumbe. Halafu nalala."

"Muda gani?"

"Nusu saa hivi."

Mtihani wa saa mbili na ushei, marejeo nusu saa. Na ile "kumbe" ndiyo iliyomponza. Jibu sahihi ukishalijua, kila kitu kinaonekana wazi, kama njia ya kwenda kwa mtu ulipokwisha kufika. Hakuwa amejifunza namna ya kufika. Alikuwa amejifunza kwamba swali la 17 jibu lake ni D. Na swali la 17 la mtihani ule halitarudi.

Namba mbili badala ya moja

Yeye mwenyewe alikuwa na uchunguzi wake tayari: "Muda ndio unanimaliza, kaka. Nikipewa dakika hamsini napata yote." Karibu kila ninayekaa naye husema hivyo, na mara nyingine ni kweli. Lakini hilo linapimika, kwa hiyo tulilipima.

Wiki ya kwanza ya Julai alifanya mtihani mmoja wa mazoezi siku ya mapumziko, kwa muda halisi, na wakati anafanya aliweka alama pembeni ya kila swali ambalo hakuwa na uhakika nalo. Dakika zilipoisha hakufungua majibu. Kesho yake alirudia yale yaliyowekwa alama, bila saa, bila haraka, na bila kujua alipata nini mara ya kwanza. Wajuzi wa mtihani huu huita hivyo kurudia ukiwa umefumba macho. Mwisho ana namba mbili: ile ya chini ya saa, na ile ya kujinafasi.

Namba ya kwanza ilikuja 148. Ya pili, baada ya kupewa muda wote duniani, 151.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kama tatizo lingekuwa muda, namba ya pili ingeruka hadi huko 160 na kitu. Pointi tatu maana yake hata akipewa siku nzima anaelewa vile vile. Miezi mitano alikuwa anatibu mwendo, na ugonjwa uko kwenye kusoma. Kila mtihani mpya alioufanya ulikuwa kipimajoto kingine, na kipimajoto hakijawahi kushusha homa ya mtu.

Tukakubaliana jambo ambalo hakulipenda: wiki sita bila mtihani kamili hata mmoja. Maswali kumi na mawili kwa siku, basi, siku tano kwa wiki, bila saa. Na daftari jipya. Kila swali alilokosa au kubahatisha lipate mistari minne kwa Kiswahili: nilichagua nini na kwa nini nilikipenda, kwa nini si sahihi, sahihi ni lipi na limetoka neno gani kwenye aya, neno gani lilinidanganya. Kwa Kiswahili, kwa sababu nilishaona kwamba akiandika kwa Kiingereza ananakili maelezo ya kitabu. Kwa Kiswahili hana pa kunakili, inabidi aelewe.

Wazee wanaoanguka

Jumamosi ya kwanza alikuja kwangu saa kumi alasiri, ameshalala. Nilimtungia swali mwenyewe, makusudi, kutoka kwenye kazi yake. Lilikuwa hivi:

Nyumba za wazee zenye wahudumu wengi zamu ya usiku zina wazee wachache wanaoanguka kuliko nyumba zenye wahudumu wachache usiku. Kwa hiyo nyumba inayotaka kupunguza kuanguka iongeze wahudumu wa usiku. Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linadhoofisha hoja hiyo zaidi? Moja: wahudumu wa usiku huchoka kuliko wa mchana. Mbili: nyumba zenye wahudumu wengi usiku hupokea zaidi wazee wenye nguvu za kutembea wenyewe. Tatu: wazee wengi huanguka wakienda chooni usiku.

Hakufikiri hata nusu dakika. "La kwanza. Tunachoka, utaongezaje watu waliochoka?"

"Na la pili?"

"Hilo halihusiani. Kaka, wazee wanaanguka usiku, wanaamka kwenda choo, hakuna wa kuwashika. Mimi nimewaokota kwa mikono yangu. Ukiongeza watu wataanguka wachache. Hiyo ni kweli."

"Sikuulizi kama ni kweli."

Hapo tulikaa karibu dakika ishirini, na sijutii hata moja. Alikuwa ameisoma hoja, akakubaliana na hitimisho kwa sababu analijua maishani mwake, na baada ya kukubaliana hakuona tena haja ya kutazama hitimisho limesimama juu ya nini. Aya haikusema lolote kuhusu kuamka wala choo. Hayo aliyaleta yeye kutoka kazini. Aya imesema vitu viwili vinakwenda pamoja, halafu ikaruka ikasema kimoja ndicho kinacholeta kingine. Jibu la pili linasema kuna sababu nyingine ya vitu hivyo kwenda pamoja: wazee wa nyumba zile ni wenye nguvu tangu mwanzo. Hoja imebaki haina mguu, hata kama hitimisho lake bado ni kweli.

"Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa kweli na hoja yake ikawa mbovu?"

"Kila siku."

Aliandika kwenye jalada la daftari: SIULIZWI KAMA NI KWELI. Kwa herufi kubwa, na kalamu ile ile nyekundu.

Methali zikawekwa mizani

Wiki ya tatu daftari lilianza kusema. Makosa mengi hayakuwa ya maarifa wala ya hoja ngumu. Yalikuwa ya vineno vidogo: "only", "unless", "some", "many", "most". Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu.

Nilimwambia atafsiri aya nzima nzima kichwani kwa Kiswahili kabla ya kujibu. Nilidhani nimegundua dhahabu. Baada ya wiki moja alijaribu sehemu moja kwa saa: dakika 35 zikaisha akiwa swali la kumi na tatu, kichwa kinamuuma. Alinipigia hana raha, na alikuwa na haki. Tafsiri ya kila kitu ni mzigo. Kinachotakiwa ni vineno vile tu, vinavyobeba mantiki. Tukapunguza, vikabaki vitano kwenye karatasi moja juu ya mlango wa friji.

Chukua "many" na "most". Sisi tunasema "wengi" kwa yote mawili. Mtu akisema "wengi walikuja" tunaridhika. Kwenye LSAT "most" ni zaidi ya nusu, basi. "Many" haidai nusu, watu kumi kati ya elfu wanaweza kuitwa hivyo. Alikuwa anasoma "many" kama zaidi ya nusu, kisha anajumlisha: wengi wana hiki, wengi wana kile, kwa hiyo wapo wenye vyote viwili. Kwa "most" mbili za kundi moja hesabu hiyo inakubali. Kwa "many" haikubali. Kwenye friji akaandika "wengi wao, yaani zaidi ya nusu" upande mmoja, na "wengi, idadi haijulikani" upande wa pili.

"Some" nayo. Ukisema baadhi ya wageni walikula, msikilizaji anashika kwamba wengine hawakula. Kwenye mtihani "some" ni angalau mmoja, na huenda ni wote. Hilo linawaumiza hata waliozaliwa na Kiingereza.

Lakini "unless" ndiyo iliyonifurahisha. Vitabu vyake vilikuwa na kanuni ya kulikanusha neno hili na kugeuza lile, akawa anaikosea kila akichoka. Nikamuuliza kondakta wa kwetu anasemaje. "Hupandi mpaka uwe na tiketi." Basi, hiyo "mpaka" ndiyo "unless". Huna tiketi, hupandi. Umepanda, basi tiketi unayo. Lakini ukiwa na tiketi mkononi, je, umeshapanda? Hapo hakuna mtu aliyewahi kusafiri kutoka stendi ya zamani ya Ubungo, Dar es Salaam, Desemba, anayehitaji kufundishwa: tiketi unayo, na basi limejaa, au limeondoka. Tiketi ni sharti la lazima. Si sharti la kutosha. Tofauti ambayo vitabu vinaipa sura nzima, yeye aliijua tangu utotoni, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba ni hiyo hiyo.

Kutoka hapo tukaingia kwenye methali, na Jumamosi mbili zilikwenda huko. Mchagua jembe si mkulima. Weka mshale: anayechagua jembe, huyo si mkulima. Igeuze sawasawa: mkulima hachagui jembe. Inakubali. Sasa sema: asiyechagua jembe ni mkulima. Haikubali, mimi sichagui jembe na sijalima tangu darasa la saba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: aliyevunjika guu, je, hakusikia la mkuu? Huenda alikuwa anacheza mpira. Halafu zile ambazo zenyewe ni hoja mbovu tukiziweka mizani: mtoto wa nyoka ni nyoka, sifa ya mzazi inahamishiwa mtoto bila ushahidi zaidi, lisemwalo lipo, wingi wa wasemaji umefanywa uthibitisho. Dalili ya mvua ni mawingu tuliigombania hadi chai ikapoa: yeye alisema mawingu ni sharti la lazima, mimi nikasema methali inadai dalili tu na dalili si sharti la aina yoyote. Bado sijui kama alinikubalia au alichoka.

(Mtu asije akasema nimezitukana methali. Methali haikutungwa ijibu LSAT.)

Upande wa ufahamu mambo yalikuwa mepesi zaidi, nitapita haraka. Vifungu ni vinne, kimoja ni jozi ya maandishi mafupi mawili yanayolinganishwa, na yeye alikuwa anasoma kila mstari mara mbili akiogopa kusahau. Nilimkataza kupiga mistari. Kila aya ikiisha asimame, aseme kwa sentensi moja ya Kiswahili mwandishi amefanya nini hapo, kama anamsimulia bibi yake aliyetoka kidogo nje: "Hapa analeta maoni ya wengine. Hapa anayakataa. Hapa anakubali kidogo." Mambo madogo madogo yako kwenye kifungu, utarudi kuyatafuta. Umbo la kifungu ndilo linalopotea usipolishika.

Saa inarudi

Katikati ya Septemba alirudia kipimo cha namba mbili. Chini ya saa, 151. Kwa kujinafasi, 161.

Sasa ndiyo muda umekuwa tatizo, na sasa ndiyo inafaa kuushughulikia. Pengo la pointi kumi maana yake uelewa upo, haujapata mbio. Angeanza na mbio Julai angekimbia na makosa yake yale yale, kwa kasi zaidi.

Sehemu ya hoja ina maswali kama 25 kwa dakika 35, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa swali. Lakini hayafanani. Ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi, magumu yanajazana kuelekea mwisho, ingawa hutakosa jepesi lililojificha huko. Kwenye karatasi zake niliona swali moja limekula dakika nne na nusu, na bado alilikosa. Dakika zile zilikuwa za maswali matatu. Tuliweka amri moja: ukisoma mara ya pili na bado hujaona hitimisho liko wapi, weka alama, chagua herufi yoyote, nenda. Herufi iwe ile ile siku zote, usipoteze hata sekunde kuipigia kura. Hakuna adhabu ya kukosea, kwa hiyo kuacha wazi ni kutupa. Lengo lake halikuwa kuyajibu yote. Lilikuwa kuyajibu ishirini kwa utulivu na kubahatisha matano bila kinyongo. Hili la mwisho lilimshinda kwa wiki mbili nzima. Mtoto wa shule ya bweni hajui kuacha swali.

Mtihani kamili sasa mmoja kwa wiki, Jumapili saa nane mchana, akiwa amelala. Marejeo siku mbili.

Kuhusu mipango mingine nitasema machache. Mara ya kwanza alilipa mwenyewe, na ada ya mtihani wakati ule ilikaribia dola 250, bila kuhesabu huduma ya kutuma nyaraka shuleni. Kumbe kuna msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba. Lakini unaomba kabla ya kujiandikisha, ulicholipa hawarudishi. Safari hii aliomba, akapata. Pia wakati ule mtahiniwa alichagua kufanyia nyumbani chini ya kamera au kwenye kituo. Anaishi na dada yake na watoto watatu. Nyumbani mtu akifungua mlango tu mtihani wako unaweza kuingia matatani, kwa hiyo alichagua kituo na saa za mchana. Na alijua kwamba kuwa na Kiingereza kama lugha ya pili hakukupi dakika za ziada, kwa hiyo hakupoteza wiki kuandika barua. Kazini aliomba usiku mbili za kabla ya mtihani ziwe zake. Alilipwa pungufu wiki hiyo. Hilo pia ni gharama ya LSAT, ingawa haiandikwi popote.

Novemba

Alifanya Novemba. Aliniambia sehemu ya tatu ilimwendea vibaya, akahisi amekwisha, kisha akajisemea huenda hiyo ndiyo isiyohesabiwa. Hatujui. Faida ya kutokujua ni kwamba inakuruhusu kuendelea.

Wiki tatu baadaye: 157.

Nilitarajia 158 au 159 kwa namna mazoezi ya mwisho yalivyokwenda, na nadhani kukaa bila mtihani kamili wiki sita kulimwacha mgeni kidogo wa uchovu wa mtihani mrefu. Ningemrudisha tena leo, ningempa wiki nne, si sita. Yeye aliuliza kama arudie Januari. Sheria inamruhusu, mara tano ndani ya kipindi ambacho matokeo yanatumwa shuleni, saba maishani. Badala ya kumjibu tulifungua taarifa ambayo kila shule iliyoidhinishwa na chama cha wanasheria cha Marekani hulazimika kuitoa kila mwaka, inayoitwa ripoti ya 509. Humo kuna alama za LSAT za walioanza masomo: robo ya chini, katikati, robo ya juu. Katika shule yake ya jioni, 157 ilikuwa juu ya katikati kwa pointi kadhaa. Januari ni msimu wa mafua kwenye nyumba za wazee, zamu za ziada kila siku. Akaamua kutuma maombi kwa alama hizo.

Februari barua ilikuja. Amepokelewa, na nusu ya ada imepunguzwa. Alikuja nayo imechapwa, nikadhani tutaila keki. Alikuwa ameshaipigia mshale kwa kalamu nyekundu, aya ya pili: punguzo litaendelea mwaka wa pili ikiwa tu mwanafunzi atabaki nusu ya juu ya darasa lake.

"Ikiwa tu," alisema. "Hii ni tiketi ya Ubungo, kaka. Nikishuka nusu ya chini wananitoa. Lakini nikibaki nusu ya juu, hapa hawajaahidi kitu. Na nusu ya darasa lazima iwe chini, si ndiyo?"

Ripoti ile ile huonyesha pia ni wanafunzi wangapi walioingia na punguzo lenye masharti wakalipoteza au kupunguziwa. Tukaitafuta pamoja mezani, kisha akaandika barua pepe kwa ofisi ya udahili, maswali mawili: nikitimiza sharti, je, punguzo linaendelea kwa hakika? Na je, sharti hili linajadilika? Ya pili walijibu siku nne baadaye. Ya kwanza aliwauliza tena.